Sentimita 76

Katoni ya kwanza ilipoanguka, baba alifumba macho. Ya pili, akafumba jicho moja. Kufikia ya nne alikuwa amesogea mpaka kwenye mstari wa manjano ambao mgeni haruhusiwi kuuvuka, mikono nyuma, kama mzee aliyekuja kutazama nyumba ya jirani inavyojengwa.

"Hii inaangushwa na nani?" akaniuliza.

"Na mashine, Baba."

"Mashine naiona. Nauliza, inajifanya nani?"

Nilicheka. Katika miaka tisa ya kazi hii hakuna mteja, mkaguzi wala mwanafunzi wa atachimenti aliyewahi kuniuliza swali hilo.

Ilikuwa Jumamosi, mwezi wa pili. Baba alikuwa amekuja Nairobi kutoka Mombasa kupigwa picha ya mgongo, na tarehe ya hospitali ilikuwa Jumatatu. Sikutaka kumwacha peke yake kwenye nyumba ya orofa ya nne isiyo na lifti, na zamu yangu ilikuwa ya nusu siku, basi nikamwombea ruhusa getini. Wakampa dastikoti iliyomfika magotini na miwani ya plastiki. Hivyo ndivyo hamali wa Kongowea alivyoingia kwenye maabara ya kiwanda cha katoni huku Industrial Area, akiwa na miaka 64.

Kiwanda kinatengeneza katoni. Sisi wa maabara tunalipwa kuzivunja. Tunazikandamiza kati ya vyuma viwili mpaka zikubali kushindwa. Tunazimwagia maji kipande kwa kipande tuone karatasi inakunywa kiasi gani kwa sekunde 60. Tunazitikisa juu ya meza inayoruka na kutua, mara 14,200, ili zionje barabara kabla hazijapakiwa. Halafu tunaziangusha mara kumi: kwanza kwa kona moja, kisha kwa kingo tatu zinazokutana kwenye kona hiyo, kisha kwa pande zote sita. Utaratibu huo ni wa ISTA, shirika la Marekani lililoanza mwaka 1948, na wateja wetu wengi wanaouza nje huutaka uonekane kwenye ripoti.

Basi nikamjibu baba swali lake. Nikamwambia mashine inajifanya mtu anayebeba boksi. Boksi la chini ya kilo 10 linaangushwa kutoka sentimita 76. Likifika kilo 10, tunashuka hadi 61. Kilo 19, sentimita 46. Kilo 28, sentimita 31. Likipita kilo 45, ni sentimita 20 tu, kimo cha kiatu na kifundo.

"Kwa nini mnashuka?"

"Mzigo ukiwa mzito, mtu hawezi kuuinua juu. Kwa hivyo hauwezi kuangukia mbali."

Baba alifikiri kidogo. Kisha akauliza, kwa adabu kabisa, kama anayeogopa kumharibia mwanawe kazi mbele ya watu: "Mtu gani huyo?"

Nafaa kueleza. Baba alianza kubeba magunia mwaka 1989 na akaacha 2016. Viazi kutoka Nyandarua, vitunguu kutoka Tanzania, kabeji, maembe wakati wa maembe. Lori linafika alfajiri, mwili mmoja unakaa juu unasukuma gunia ukingoni, mwili mwingine unasimama chini na ngata kichwani na shingo imekazwa, gunia linatua kati ya shingo na bega, halafu unatembea. Si unyanyue kwanza, kunyanyua hakuna. Gunia linakuja kutoka juu. Na halikuwa gunia la kilo 50. Lilikuwa lumbesa, lile lililoshonewa kofia juu ili mkulima alipwe gunia moja na mfanyabiashara aondoke na gunia moja na nusu. Zaidi ya kilo 100, kwenye kimo cha bega la mtu mzima.

Kwa jedwali langu, mzigo wa namna hiyo haupo. Na kama upo, uko sentimita 20 kutoka chini.

Sikumwambia hivyo. Nilimwambia viwango vimeandikwa kwa ajili ya katoni, si magunia. Ni kweli, lakini ni jibu la mtu anayetafuta mlango.

Yeye alikuwa ashaendelea mbele. Alikuwa anatazama namna mashine inavyoshika katoni, inavyoitia usawa, inavyoiachilia bila kuipeleka kando hata kidogo. Akasema hakuna hamali anayeangusha hivyo. Ukiwa na akili huangushi kabisa, maana mwenye mali anakukata. Mzigo unatoka mkononi kwa mkono, wa juu anautupa, wa chini anaupokea na kifua, na kwa muda mrefu hauanguki. "Boksi likianguka Kongowea," akasema, "usiulize kimo. Uliza saa. Saa tatu asubuhi hakianguki kitu. Saa kumi jioni, hapo ndipo."

Mwenzangu wa zamu, kijana wa juzi juzi tu kutoka chuo, alitoa simu akaandika. Nadhani alikuwa anaandika kwa utani. Sina hakika.

*

Jumatatu daktari alisoma picha. Alikuwa mwanamke mpole, alizungumza na baba moja kwa moja, hakunitumia mimi kama mkalimani wa mzee, nami nikampenda kwa hilo. Akamwonyesha pingili za uti wa mgongo na vile visahani laini vilivyo kati yake, vinavyofaa kuwa vinene na vyenye maji. Chini, viwili vilikuwa vimekauka na kubanwa, kimoja kimetokeza pembeni kinagusa mshipa wa fahamu. Ndiyo sababu mguu wa kushoto unakufa ganzi.

"Ulianguka, mzee?"

"La."

"Siku maumivu yalipoanza, ulikuwa umebeba kitu kizito?"

Baba aliona haya. "Nilikuwa nimeinama kuokota kopo la kuogea."

Daktari hakucheka. Alisema huwa hivyo mara nyingi. Kopo halina hatia, akasema, kopo limekuta kazi imeshafanywa.

Mimi nilikuwa nimekaa nyuma nikiangalia ile picha na kitu kilikuwa kinanisumbua, kama jina unalolijua lakini haliji. Lilikuja usiku, ninaosha vyombo. Nilikuwa nimeshaiona picha hiyo. Si ya mgongo. Ya paleti.

*

Wiki chache nyuma tulikuwa tumetumiwa picha kutoka Rotterdam. Kontena la avokado limefunguliwa, paleti mbili zimeegemea ukuta kama walevi, katoni za safu za chini zimetoka matumbo, na maji ya matunda yanachuruzika sakafuni. Katoni zilikuwa zetu. Ripoti ya maabara ilikuwa imeambatanishwa kwenye barua ya malalamiko, na chini ya ripoti, sahihi yangu, ile ndefu yenye mkia ambayo mwalimu wangu wa darasa la saba alisema ni ya majivuno.

Ripoti ilisema katoni imepita. Na ilikuwa imepita. Mteja aliomba ibebe kilo 400 kabla ya kuvunjika, sisi tukapata 412. Sikuongeza hata kilo moja. Naomba msomaji ashike hilo, maana kwa muda mrefu nilikuwa nalishika mimi peke yangu na lilinifariji sana.

Kumbe ilibidi niulize swali la baba: mashine inajifanya nani? Ile mashine ya kukandamiza, yule injinia wetu anayoipenda kama gari lake, inashuka milimita 10 kwa dakika. Kwenye skrini mstari unapanda, unapanda, unafika kilele, katoni inatoa mlio kama mtu aliyekalia kiti kibovu, mstari unaanguka. Dakika mbili kazi imekwisha. Na kabla ya hapo katoni imelala siku nzima kwenye chumba chenye nyuzi 23 na unyevu wa asilimia 50, kama kiwango kinavyotaka, ili maabara zote duniani zipime kitu kimoja. Ni sheria nzuri. Bila hiyo ningepima kipupwe na mwenzangu wa Thika apime kiangazi tukaanza kubishana.

Lakini avokado hazisafiri kwenye chumba hicho. Zinasafiri kwenye kontena la baridi, nyuzi tano au sita, unyevu wa asilimia 90 na zaidi, kwa sababu tunda lenyewe linapumua na lisipopata unyevu linasinyaa. Linalolifaa tunda linaiua karatasi. Karatasi ni nyuzinyuzi za mti zilizoshikana. Maji yakiingia kati yake zinaachiana. Hata gundi inayoshikilia yale mawimbi ya ndani ya kadibodi ni wanga, wa mahindi mara nyingi, yaani ukitaka ukweli ni uji uliokauka. Majedwali ya wenye viwanda, ambayo ninayo ukutani juu ya meza yangu na nimeyatazama kila siku kwa miaka tisa, yanasema hivi: unyevu ukifika asilimia 90, katoni inapoteza karibu nusu ya nguvu zake. Ikikaa na mzigo siku 30, inapoteza asilimia 40 nyingine ya kilichopo. Ikiwa ukingo wake umechomoza nje ya paleti, hata kwa upana wa vidole viwili, punguza tena asilimia 20 hadi 40, maana nguvu za boksi ziko kwenye kona, na kona inayoning'inia hewani haibebi kitu.

Nilipiga hesabu nyuma ya risiti ya umeme. 412, toa asilimia 40, ni 247. Toa nusu na kidogo, 118. Kwenye picha ya Rotterdam paleti zilionyesha wazi katoni zilizochomoza. Toa asilimia 30. Themanini na tatu.

Paleti ina safu 22. Katoni ya chini ina wenzake 21 juu yake, kila mmoja kilo nne na nusu ukihesabu na karatasi. Kilo 94.

Kilo 94 ni gunia, tena si la kofia kubwa.

Kwa nini basi miaka yote zilikuwa zinafika? Kwa sababu tulikuwa tunapita kwenye tundu la sindano bila kujua. Paleti zikipangwa vizuri, 118 inabeba 94, na safari ilikuwa ya kama mwezi mmoja kupitia Mfereji wa Suez. Halafu mwishoni mwa 2023 meli zikaanza kushambuliwa kwenye Bahari ya Shamu, makampuni yakaamua kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, safari ikaongezeka wiki mbili hivi. Siku za ziada peke yake hazikuivunja katoni, wala paleti iliyopangwa ovyo peke yake. Kila moja ilichukua kidogo kutoka kwenye akiba ambayo hakuna aliyejua ni ndogo vile. Katoni iliyobeba siku 30 bila kusema neno ikakubali kwenda chini siku ya 38, usiku labda, bahari imetulia, hakuna aliyeigusa.

Kopo la kuogea.

*

Nilimpelekea injinia ile risiti. Si mtu mbaya. Alinifundisha kazi, na mwanangu alipolazwa alinipa ruhusa bila kuniuliza barua. Aliisoma yote, akaniambia, "Mteja aliomba 400. Tumempa 412. Sasa wewe unataka nini?"

Nilitaka tuandike kwenye ripoti kwamba nambari hiyo ni ya chumba kikavu na ya dakika mbili. Nilitaka kabati la unyevu, ambalo lilikuwa limegeuzwa stoo ya sampuli, litolewe vitu na litumike. Akasema kabati linakula umeme, mteja halipii siku 40 za kusubiri, na tukianza kuandika udhaifu wa katoni zetu, kiwanda cha jirani hakitaandika wa zake. Yote matatu ni kweli. Hapo ndipo ugumu ulipo, na ndiyo maana huwa siwaamini sana watu wanaosimulia kazi zao kana kwamba upande mmoja ulikuwa na mapembe.

Ningeiacha. Nasema kweli, ningeiacha, kama si ile simu.

Ilipigwa kwenye nambari ya mapokezi na ikarushwa kwetu kwa sababu hakuna aliyejua pa kuipeleka. Mama mmoja kutoka Murang'a. Kikundi chao kilikuwa kimeuza avokado kwa yule mteja wetu, na mteja alikuwa amewakata malipo kwa ajili ya zile zilizoharibika.

"Wewe ndiye ulisema hiyo boksi ni nzuri?"

"Ndiyo, mama. Tuliipima."

"Na ilikuwa nzuri?"

"Ilikuwa nzuri."

"Sasa kama ilikuwa nzuri, mbona matunda yangu yalimwagika?"

Nikamweleza. Nyuzi 23, unyevu asilimia 50, nikaongeza na unyevu wa kontena. Alinisikiliza mpaka mwisho, nikasikia kuku nyuma yake. Kisha akaniuliza, bila hasira, kama mtu anayetaka kujua kweli:

"Hiyo hali ya hewa yenu ni ya wapi?"

Nilisema ni ya hapa maabara.

"Aa," akasema. "Haya basi." Na akakata.

*

Kabati lilisafishwa mwezi wa nne. Injinia aliniruhusu kwa sharti la jaribio moja tu, katoni tano, na nisiliite jaribio bali "uchunguzi wa ndani". Niliijaza kila katoni mifuko ya mchanga, nikaweka juu ubao na vyuma vya kilo 94, nikaacha ukingo mmoja unachomoza kama kwenye picha. Unyevu asilimia 90. Nikafunga mlango.

Siku hiyo hiyo jioni nilimpigia baba. Alikuwa anafanya mazoezi aliyopewa, yale ya kulala chali na kukunja magoti, ambayo anayaita kunga za wazee wavivu. Nikamweleza nilichofanya. Kuanzia hapo akawa ananipigia yeye, kila siku baada ya magharibi.

"Lipo?"

"Lipo, Baba."

"Limeshuka?"

"Milimita mbili."

"Hilo linafikiri," anasema.

Siku ya sita, milimita tatu. Siku ya kumi, tatu na nusu, karibu limesimama. Kijana wetu akasema labda hesabu yangu ilikuwa na chumvi. Baba aliposikia akacheka kwa muda mrefu. Akasema kuna kipindi, ukishabeba miaka mitano hivi, mwili unanyamaza. Hauumi asubuhi, hauumi jioni. Unaona umekuwa chuma. Wenzake wengi walichukua mikopo kipindi hicho.

Mwaka 1967 shirika la kazi la kimataifa lilipendekeza kwamba mwanamume mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55. Kenya mwaka 2019 ikatoa kanuni za viazi, gunia lisipite kilo 50. Nilimsomea baba kanuni hizo kwenye simu, miaka mitatu baada ya yeye kuacha kazi. Akauliza kama zinafika mpaka nyuma. Nikamwambia sheria hairudi nyuma. "Basi wape salamu," akasema. Lumbesa bado naziona barabarani, hata wewe unaziona.

Katoni ya kwanza ilivunjika siku ya 17, usiku wa Jumapili. Hakukuwa na mtu. Nilikuta alfajiri ubao umeinama na mchanga umemwagika kwenye sakafu ya kabati. Kinasa-data kilionyesha saa tisa na dakika kumi na moja usiku. Kabla yake, kwa siku nne, ilikuwa inashuka kidogo kidogo kwa mwendo unaoongezeka, na sisi tulikuwa tumeshaacha kuangalia kila siku. Ya pili siku ya 19. Ya tatu na ya nne wiki iliyofuata. Ya tano haikuvunjika. Niliitoa siku ya 45, iko chini ya meza yangu mpaka leo, imepinda, na kila nikijaribu kueleza kwa nini hii ilistahimili nasema uongo.

Ripoti yetu sasa ina mstari mmoja zaidi, kwa herufi ndogo, chini ya nambari kubwa: kipimo hiki ni cha hali kavu na cha muda mfupi. Mteja mmoja ameuliza maana yake. Mmoja, tangu tuanze. Mteja wa avokado alihamia kiwanda kingine kabla jaribio halijaisha. Yule mama sina nambari yake.

Baba alirudi Nairobi mwezi wa tano kumwona daktari tena. Hakuna upasuaji, ni dawa, mazoezi na kutoinama. Siku ya kuondoka alitaka kitu cha kubebea zile picha za mgongo zisikunjike, nikamletea katoni kutoka kazini, moja ya zile tulizoziangusha, ina muhuri mwekundu wa IMEKATALIWA ubavuni. Aliuona muhuri, akaupapasa kwa kidole gumba, akasema inamtosha.

Stendi palikuwa na mvua nyepesi. Utingo wa basi alimpokea baba ile katoni kabla sijasema kitu, akaizungusha mara moja na kuitupa ndani ya buti, juu ya magunia ya watu. Baba alipanda, akaketi dirishani upande wangu. Basi lilipoanza kurudi nyuma akafungua kioo, akatoa mkono akaupima hewani, kutoka usawa wa kifua chake hadi pale alipodhani katoni ilitua.

"Hiyo haikuwa sabini na sita!" akanipigia kelele. "Andika mita moja!"

Nikatoa simu, nikaandika. Na saa. Saa kumi na nusu jioni.